Neno moja la Kingereza lilinikosesha kontra: maneno madogo tunayofikiri tunayajua

Leo nataka tuongelee maneno madogo ya Kingereza. Si yale makubwa ya vitabu vya ekonomi, hapana. Ni yale madogo unayokuta kwenye tangazo la kazi na unasema moyoni: hii najua. Nitaanza na hadithi yangu mwenyewe, hata kama haya inanishika kidogo.

Nilipomaliza chuo kikuu hapa Lubumbashi, nilipata staji ya miezi tatu Kasumbalesa, kwenye ajansi moja ndogo ya mambo ya duane. Wanaojua Kasumbalesa wanaijua: kamio zinapanga mustari mpaka unachoka kuzihesabu, upande wa Zambia na upande wetu, na madreva wanachanganya Kingereza, Kibemba na Kiswahili ndani ya sentensi moja. Mukubwa wa ajansi alinichukua juu nilisema najua Kingereza. Na kweli nilikuwa na pointi nzuri. Kwenye Exetat nilichagua majibu ya Kingereza bila kuogopa. Akaniambia: ukifanya vizuri, mwisho wa staji utapata kontra.

Siku moja mteja wetu wa Kolwezi, mutu wa Afrika ya Kusini asiyejua Kifaransa hata kidogo, akauliza kamio iliyobeba jenereta yake itafika siku gani. Kamio ilikuwa ingali ng'ambo, karatasi moja haijatoka. Nikafikiri: labda Alhamisi, kama mambo yanaenda vizuri. Kwa Kifaransa ningesema "éventuellement jeudi", na kila mutu angeelewa kwamba si hakika. Basi nikaandika kwa Kingereza: "The truck will eventually arrive on Thursday." Nikatuma. Nikajisikia mutu wa akili.

Mteja akakodi mashine ya kuinulia mizigo kwa siku ya Alhamisi. Akaweka watu 6 wangojee. Kamio ilifika Jumapili. Jumatatu fakture ya ile mashine ikaanguka kwenye meza ya mukubwa wangu.

"Mwenye aliandika hii mesaje ni nani?"

"Ni miye, papa."

"Weye uliambia batu kama kamio itafika Alhamisi?"

"Hapana, papa. Nilisema labda. Eventually ni labda."

Alinitazama, akatazama simu, akanyamaza. Naye hakujua. Tukatoka inje, tukauliza dreva mumoja muzee wa Zambia aliyekuwa anangojea karatasi zake. Akacheka polepole, akasema kwa Kingereza chake cha barabarani: "Eventually, my son? It means in the end, after a long time."

Maneno 7 tu: in the end, after a long time. Yaani mteja wangu alisoma hivi: kisha taabu zote hizi na kungojea kote huku, hatimaye kamio itafika Alhamisi. Kwake ile ilikuwa ahadi. Kwangu ilikuwa labda.

Mukubwa hakunitukana. Alilipa nusu ya ile fakture, na mwisho wa mwezi akanipa karatasi ya staji na kunitakia safari njema. Kontra ikaenda kwa mwenzangu, ambaye Kingereza chake kilikuwa kidogo kuliko changu, lakini yeye alikuwa anauliza kabla ya kuandika.

Jambo moja lilinisumbua njiani, na njo maana naandika leo. Miaka yote ya sekondari na ya chuo kikuu haikunipa maana ya lile neno. Muzee aliyeniambia kwamba aliishia darasa la 7 alinipa maana kwa maneno 7 mepesi, na sijaisahau tena. Alifanya nini ambacho waalimu wangu hawakufanya? Hakunipa neno la Kifaransa badala ya neno la Kingereza. Alinieleza Kingereza kwa Kingereza, kwa maneno ambayo nilikuwa nayo tayari.

Kwa nini Kifaransa kinatudanganya

Sisi wa Kongo tuna zawadi moja ambayo wenzetu wa Tanzania hawana: tukifungua kitabu cha Kingereza, maneno mingi yanaonekana kama ndugu zetu. Justice, government, village, table, market. Sababu iko kwenye historia. Mwaka 1066 watu wa Normandie, kutoka Ufaransa, waliishinda Uingereza, na mutawala wao William akawa mufalme. Kwa miaka mingi baadaye wakubwa wa kule, kwenye nyumba za wafalme na za sheria, walikuwa wanatumia Kifaransa. Maelfu ya maneno yakaingia, yakabaki.

Lakini kutoka wakati ule, kila luga ilienda na njia yake. Ni kama mapacha waliotenganishwa wakiwa watoto: mumoja alikomalia Likasi, mwingine Ndola. Sura ni moja, tabia mbalimbali. Ukimukuta wa Ndola ukamuamkia kama yule wa Likasi, atakushangaa. Tena neno lisilofanana na kitu chochote halitudanganyi, juu tunalitafuta. Linalotuangusha ni lile tunalofikiri tunalijua.

Maneno ya kuchunga kwenye CV na kwenye kazi

Nitatoa yale ninayoyaona kila mara kwenye barua za wenzetu. Kwa kila neno naweka kwanza maana kwa Kingereza chepesi, kama yule muzee, kisha naeleza.

Actually: really, in fact. Yaani "kwa kweli". Si "actuellement". Ukiandika "I am actually working in Likasi" ukitaka kusema "kwa sasa", musomaji ataelewa kama unamusahihisha: mulifikiri siko na kazi, kumbe niko nayo. Kwa "sasa" sema now, ao currently.

Stage: the high place in a hall where people sing or act. Ni jukwaa. Basi "I did a stage of three months in a bank" inamupa mutu picha yako ukicheza dansi ndani ya banki miezi tatu. Staji yetu kwa Kingereza ni internship: a time when a student works in order to learn the job.

Licence: a paper that allows you to do something. Kama ile ya kuendesha gari. "I have a licence in law" haielezi masomo yako. Sema degree: what a university gives you when you finish your studies.

Ancient: very, very old, from a time long ago. Ni neno la wakati wa Farao. "Ancien directeur" akigeuka "ancient director", umemuweka ndani ya piramidi. Neno la kweli ni former: in the past, but not now. Na sisi, bandugu, tuchunge tusijiite siku moja "association of ancient students".

To pass an exam: to succeed in an exam. Kwa Kifaransa "passer un examen" ni kuufanya tu, hata kama ulianguka. Kwa Kingereza, ukisema "I passed", umesema ulishinda. Kama ulifanya bila kushinda, sema "I took the exam". Mutu anaweza kukuona muongo, na weye ulitaka paka kusema ulikuwepo.

To assist: to help. To attend: to be present at a meeting or a class. "I assisted at the meeting" inamaanisha ulisaidia kazi ya mukutano. Kama ulikuwa umeketi unasikiliza, sema "I attended the meeting".

To demand: to ask very strongly, like a person who will not accept no. Mwenzetu mumoja alianza barua yake hivi: "I demand a job in your company." Alitaka kuomba kwa heshima, kumbe alibisha mulango kwa buti. Sema "I would like to apply for", na to apply ni: to ask for a job by writing.

To control: to have power over something. Kwa duane tunasema "contrôler" kila dakika. Kwa Kingereza, kuangalia kama kitu kiko sawa ni to check: to look carefully to see if something is right. Aliyeandika "I controlled 40 trucks" amejifanya mwenye kamio 40.

Delay: a time when you wait because something is late. Ni kuchelewa. "Délai" yetu, siku ya mwisho ya kumaliza kazi, ni deadline: the last day or hour to finish something. Mukubwa akiuliza "Why is there a delay?" haulizi una siku ngapi. Anauliza kwa nini umechelewa.

Na neno la mwisho kwenye orodha hii ndilo linalonitisha kuliko yote. To ignore: to know about something but choose to do nothing. Kifaransa "ignorer" ni kutojua. Sasa fikiria mutu wa kazi ameumia kwenye mugodi, na weye njo mwenye kuandika raporti. Unaandika "The worker ignored the rule." Ulitaka kusema yule ndugu hakujua sheria, hakuna aliyemufundisha. Wakubwa wanasoma kwamba alijua, akapuuza makusudi. Kwa maana ya kwanza, kampuni inapashwa kumufundisha. Kwa maana ya pili, inaweza kumufukuza. Neno moja, na mukate wa nyumba nzima. Andika: "He did not know the rule."

Pale Kiswahili chetu kinatusaidia

Watu mingi wanafikiri kwamba ili kujifunza Kingereza ni lazima kupitia Kifaransa. Si kweli. Kuna mahali ambapo Kifaransa kinachanganya na Kiswahili kinatenganisha vizuri kabisa.

Chukua learn na teach. Kifaransa kina "apprendre" kwa vyote viwili, na njo maana tunasikia "He learned me English". Lakini Kiswahili kinatenganisha: kujifunza na kufundisha. To learn: to get knowledge. To teach: to give knowledge. Fikiri kwa Kiswahili na hautaanguka.

Chukua remember na remind. Ni kukumbuka na kukumbusha. Unaona ile "-sha"? Inasema kwamba unamufanya mwingine afanye kitendo. To remember: to keep something in your mind. To remind: to make another person remember. Ni vilevile kwa rise na raise. Bei inapanda: the price rises. Wanapandisha bei: they raise the price. Hata borrow na lend ni kukopa na kukopesha. To borrow: to take something and give it back later. To lend: to give something and get it back later. Mama yetu anayeuza unga sokoni hajachanganya hata siku moja mwenye kukopa na mwenye kukopesha.

Kwa haki niseme pia kwamba Kiswahili kina mitego yake. Kusikia kwetu kunabeba vitu mingi: nasikia sauti, nasikia njala, nasikia baridi, nasikia harufu. Kingereza kinagawanya. To hear ni ya masikio. To feel ni ya mwili na roho. To smell ni ya pua. "I hear cold" haisemwi. Mukono wetu pia ni mumoja kutoka bega mpaka vidole. Kingereza kinaukata: hand ni sehemu ya mwisho yenye vidole, arm ni kutoka bega mpaka pale hand inapoanza. Kwenye raporti ya ajali, tofauti ile ni kubwa.

Mahali pengine ni Kifaransa tena kinachotupotosha. "Gagner" inatufanya tuseme "I win 300 dollars a month". To win ni kushinda, kama TP Mazembe uwanjani. Mushahara ni to earn: to get money for your work. Mwenye ku-win dola kila mwezi ni mucheza bahati nasibu.

Hii njia haikuanza na muzee wa Kasumbalesa

Baadaye niligundua kwamba kuna watu walifikiria jambo hili zamani. Mwaka 1930 Mwingereza C. K. Ogden alitoa orodha ya maneno 850 tu, akaiita Basic English. Aliamini kwamba kwa maneno yale mutu anaweza kusema karibu kila jambo la maisha ya kawaida. Michael West, mwalimu aliyefanya kazi Bengal wakati India ilikuwa chini ya Waingereza, alitoa mwaka 1935 dikisionere iliyoeleza maneno yake yote kwa maneno mepesi yasiyofika 1,500. Mwaka 1953 akachapisha orodha ya maneno karibu 2,000 yanayomufaa zaidi mwanafunzi. A. S. Hornby alikuwa anafundisha Japani. Kule njo alikotengenezea dikisionere ya wanafunzi, ambayo Oxford waliichapisha mwaka 1948. Na mwaka 1978 Longman walitoa yao: maelezo yote yaliandikwa kwa maneno karibu 2,000 tu.

Angalieni pale walipofanyia kazi: Bengal, Japani. Hawakuwa wanaandikia watoto wa London. Walikuwa wanaandikia watu kama sisi, waliozaliwa na luga zingine. Walijua kwamba mwanafunzi akitafuta neno moja na kukuta maelezo yenye maneno 3 mengine asiyoyajua, atafunga kitabu. Kwa hiyo wakajenga lupango: ndani yake maneno mepesi peke yake, na kila neno gumu la inje linaelezwa na yale ya ndani. Ukiwa na yale 2,000, una funguo za mulango.

Kwa hiyo mukitafuta dikisionere, musichukue ile kubwa iliyoandikwa kwa Waingereza wenyewe. Chukueni ya wanafunzi, Kingereza kwa Kingereza. Oxford, Cambridge na Longman wanazo kwenye intaneti, na kutafuta neno hakulipishwi. Ni mega zako tu.

Namna ninavyofanya

Nina kaye moja ya kawaida. Kila siku naandika maneno 3 tu. Nilijaribu 20, nikachoka kwa wiki moja.

Kwanza, najaribu kueleza neno mimi mwenyewe, kwa maneno mepesi ya Kingereza yasiyozidi 10, bila kutazama. Nikishindwa, najua kwamba silijui, hata kama nilifikiri nalijua. Hapa njo uongo wetu unapoonekana. Jaribu sasa hivi na enough, even, still, yet, almost. Tunayasoma kila siku, lakini ni wachache wanaoweza kuyaeleza.

Pili, nafungua dikisionere ya wanafunzi, nalinganisha na maelezo yangu.

Tatu, naandika sentensi moja ya maisha yangu. Si ya kitabu. Kwa almost, very near but not completely, niliandika: "I almost lost my phone at the market." Ilikuwa kweli, na neno likashika.

Nne, naandika jirani yake anayefanana naye: job na work, say na tell, look na see. To see: to notice with your eyes. To look: to turn your eyes to something because you want to see it. Neno peke yake linapotea kichwani. Likiwa na jirani, linabaki.

Na kama neno linafanana na Kifaransa, naweka msalaba mwekundu pembeni. Ule msalaba unaniambia: uliza kwanza.

Kwenye ukurasa wa kwanza wa ile kaye kuna neno moja tu, na maelezo yake ya maneno 7. Chini yake kuna sentensi ya maisha yangu, ambayo niliiandika kisha miaka 2 na barua 11 za kuomba kazi, siku ile nilipotia sahihi kwenye kontra yangu ya kwanza: "Eventually, I found a job."